Mfumo wa kufundishia umegoma: dalili, visababishi na mahali pa kusimama

Taarifa nyingi zinazofika katika kitengo cha TEHAMA cha chuo kikuu huwa na sentensi moja tu: mfumo haufanyi kazi. Sentensi hiyo ni ya kweli kwa aliyeiandika, lakini haimwambii fundi aanzie wapi, kwa kuwa kati ya mhadhiri na mwanafunzi wake wa mtandaoni kuna akaunti, kifaa, mtandao, seva na mipangilio ya kozi yenyewe, na kila kimojawapo kinaweza kuleta dalili zinazofanana. Kwa hiyo, kabla ya kugusa chochote, yapo maswali mawili ya kuuliza. La kwanza: ni nani mwingine ana tatizo hili? Likiwa la darasa zima, usipoteze muda na kompyuta yako; chanzo kiko kwenye seva, kwenye mtandao wa chuo au kwenye mipangilio ya kozi. La pili: je, tatizo linamfuata mtu au linabaki kwenye kifaa? Mtu huyohuyo aingie kwa simu yake, akitumia data ya simu badala ya wifi ya chuo. Akifanikiwa, akaunti yake ni nzima. Akikwama palepale, kifaa hakina hatia.

Mifano mingi hapa chini imetolewa kwenye Moodle, jukwaa la kuendeshea kozi mtandaoni, na Zoom, programu ya mikutano ya video, ila mantiki yake inahusu majukwaa mengine pia.

Dalili: nenosiri linakataliwa

Kisababishi cha kawaida kabisa ni uandishi. Kibodi ya simu hupenda kuanza na herufi kubwa, na nenosiri lililonakiliwa kutoka kwenye ujumbe mara nyingi huja na nafasi tupu mwishoni. Liandike kwa mkono, na bonyeza alama ya jicho ili uone unachoandika, mradi hakuna anayekuchungulia. Kinachofuata ni nenosiri la zamani lililohifadhiwa na kivinjari: umelibadilisha, lakini kivinjari kinaendelea kujaza lile la awali bila kukuambia. Cha tatu ni umbo la jina la mtumiaji, kwa kuwa mifumo mingine inataka namba ya usajili na mingine inataka anwani nzima ya barua pepe ya chuo.

Ukikataliwa mara tatu, simama. Mifumo mingi hufunga akaunti kwa muda baada ya majaribio kadhaa, na kila jaribio jipya linaweza kuongeza muda huo.

Ipo hali moja inayowasumbua watu kwa wiki nzima. Mhadhiri anabadilisha nenosiri, anaingia vizuri, kisha baada ya saa moja akaunti inafungwa. Inafunguliwa, inafungwa tena. Mara nyingi mkosaji ni simu au kishikwambi kilichobaki mfukoni au kwenye droo, ambacho bado kina nenosiri la zamani la wifi au la barua pepe na kinajaribu kuingia chenyewe bila kuchoka. Dawa yake ni kwenda kwenye kila kifaa, kukiamuru kiusahau mtandao wa chuo, kuondoa akaunti ya barua pepe na kuiweka upya kwa nenosiri jipya. Kuliweka upya nenosiri kwa mara ya nne hakutasaidia.

Ikiwa nenosiri limekubaliwa lakini msimbo wa uthibitisho unakataliwa, tazama saa ya simu kwanza. Programu za uthibitisho hutunga msimbo mpya, kwa kawaida kila sekunde 30, kwa kutumia saa ya kifaa. Saa iliyorekebishwa kwa mkono na kupotoka kwa dakika chache hutoa misimbo ambayo seva haiitambui. Washa mpangilio wa saa kujirekebisha yenyewe, kisha jaribu tena. Kama umebadilisha simu bila kuhamisha programu hiyo, utahitaji misimbo ya akiba uliyopewa ulipojisajili, au kitengo cha TEHAMA kithibitishe utambulisho wako.

Ukurasa wa kuingia unapojirudia bila kutoa kosa lolote, fungua dirisha la faragha la kivinjari na uingie humo. Ukifanikiwa, tatizo ni vidakuzi (data ndogo ambazo tovuti huhifadhi kwenye kivinjari) vilivyoharibika, au kiendelezi cha kivinjari kinachovizuia: futa vidakuzi vya tovuti ya chuo peke yake, kwani hakuna haja ya kufuta historia yote.

Usiendelee mwenyewe endapo unapokea maombi ya kuidhinisha kuingia ambayo hukuyaanzisha, au mtu anakupigia akitaka nenosiri au msimbo ili "akusaidie". Fundi halali hahitaji nenosiri lako kwa kazi yoyote. Kataa ombi, badilisha nenosiri ukitumia kifaa unachokiamini, na utoe taarifa wakati huohuo bila kusubiri kesho.

Dalili: umeingia, lakini kozi haionekani

Kwa mwanafunzi, sababu ya kwanza ni usajili. Orodha za kozi kwa kawaida huletwa kutoka kwenye mfumo wa usajili wa chuo, na uhamishaji huo mara nyingi hufanyika kwa ratiba, si papo hapo. Aliyejisajili asubuhi huenda akaiona kozi kesho yake. Sababu ya pili ni kwamba mhadhiri hajaifungua kozi kwa wanafunzi. Yeye anaiona, kwa hiyo anadhani wote wanaiona. Atumie chaguo la kutazama kozi kama mwanafunzi, ingawa hata chaguo hilo halionyeshi masharti ya vikundi kwa ukamilifu.

Wahadhiri wengi hutatua jambo hili kwa kumwongeza mwanafunzi kwa mkono. Inafaa kwa dharura, lakini ina athari: usajili wa mkono unakaa kando ya ule unaotoka kwenye mfumo mkuu, hivyo mwanafunzi akiiacha kozi rasmi, jina lake litabaki kwenye orodha yako hadi wewe umwondoe.

Dalili: ukurasa haufunguki au unatoa namba

Namba ya kosa ina habari. Zile zinazoanza na 4 kwa ujumla zinaelekeza kwenye ombi lililotumwa: 403 ni kukosa ruhusa, 404 ni anwani isiyokuwapo, aghalabu kiungo kilichonakiliwa kutoka kozi ya mwaka uliopita. Zile zinazoanza na 5 ni za upande wa seva. Ukiona 502, 503 au 504, subiri dakika chache. Kupakia ukurasa upya kila sekunde, hasa darasa zima likifanya hivyo, kunaizidishia mzigo seva ambayo tayari imeelemewa.

Onyo la cheti cha usalama, yaani kile kinachothibitisha kwamba tovuti ni halisi, ni habari nyingine. Angalia kwanza tarehe ya kompyuta, kwa maana kompyuta inayodhani iko mwaka mwingine huona kila cheti kuwa batili. Kama tarehe ni sahihi na onyo liko palepale, usilipite na usiandike nenosiri lako katika ukurasa huo. Kanuni hiyohiyo inahusu eduroam, mtandao wa wifi unaotumiwa na vyuo vya nchi nyingi. Zaidi ya hapo, kwenye eduroam jina la mtumiaji liandikwe kamili pamoja na sehemu inayofuata alama ya @, la sivyo utaunganishwa ukiwa chuoni kwako na kukataliwa ukitembelea chuo kingine, kwa kuwa mtandao wa huko hautajua ombi lako lipelekwe wapi.

Dalili: darasa la moja kwa moja halina sauti, lina mwangwi au linakatika

Kukosekana kabisa kwa sauti, mara nyingi kupita zote, ni suala la kifaa kilichochaguliwa. Kompyuta iliyounganishwa na projekta kwa kebo ya HDMI huweza kupeleka sauti kwenye projekta ambayo haina spika, na vipokea sauti vya Bluetooth vilivyo kwenye mkoba vinaweza kuwa vimejiunganisha vyenyewe. Fungua mipangilio ya sauti ndani ya programu ya mkutano, chagua spika na maikrofoni kwa majina yake, na tumia kitufe cha kujaribu. Baada ya hapo kagua kama umejinyamazisha, kama kivinjari kimepewa ruhusa ya kutumia maikrofoni, kama vipokea sauti vina swichi yake kwenye waya, na mwisho kama programu nyingine ya mikutano bado iko wazi na imeishikilia maikrofoni.

Mwangwi huwapotosha wengi. Anayesikia sauti yake ikimrudia kwa kawaida siye mwenye kasoro. Kasoro iko kwa mtu mwingine ambaye spika yake inaingia kwenye maikrofoni yake, na mtu huyo hasikii mwangwi wowote. Mwendeshaji wa mkutano awanyamazishe washiriki mmoja mmoja mpaka mwangwi ukome, kisha amwombe huyo wa mwisho atumie vipokea sauti. Mlio mkali unaopanda kwa kasi una asili tofauti kidogo: vifaa viwili vimejiunga na mkutano mmoja ndani ya chumba kimoja. Kimoja kiondoke kwenye sauti, si kupunguza spika tu.

Sauti inayokatikakatika au kuwa kama ya roboti ni dalili ya mtandao. Hapa kipimo muhimu kwa mhadhiri ni kasi ya kupakia, ambayo katika miunganisho mingi ya nyumbani ni ndogo sana kuliko ya kupakua; ndiyo maana mtu anaweza kutazama filamu bila shida lakini akashindwa kufundisha. Zima kamera yako kwanza. Kwa Zoom, sauti peke yake inahitaji takriban kilobiti 60 hadi 80 kwa sekunde, ilhali video ya kikundi yenye ubora mzuri inafikia megabiti moja na zaidi, na kushiriki slaidi zisizosogea kunahitaji kidogo mno. Mhadhara wa sauti na slaidi ni mhadhara kamili. Uso wa mhadhiri unaweza kusubiri. Kama haitoshi, simamisha programu zinazohifadhi mafaili mtandaoni, sogea karibu na ruta au tumia kebo, na kama ruta ina masafa mawili, chagua lile la GHz 5 ukiwa karibu nayo na lile la GHz 2.4 ukiwa mbali au nyuma ya kuta.

Darasa likikatika, tazama saa. Likikatika kwa nyakati zisizotabirika, ni mtandao. Likikatika kila mara muda uleule, ni kanuni fulani: akaunti ya bure ya Zoom hufunga mkutano baada ya dakika 40, na hakuna ruta itakayobadilisha hilo. Kuna wahadhiri ambao chuo kimewalipia akaunti kamili, lakini wanaingia kwa barua pepe binafsi bila kujua.

Kuhusu rekodi iliyopotea: kama ilihifadhiwa kwenye kompyuta, programu huanza kuigeuza kuwa video baada ya mkutano kuisha, na anayefunika kompyuta mpakato papo hapo huikatiza kazi hiyo. Fungua tena folda ya rekodi na ubonyeze faili la kugeuza lililomo. Usilifute wala kulibadilisha jina. Rekodi iliyohifadhiwa mtandaoni huhitaji muda wa kuchakatwa, na wakati mwingine muda huo huzidi urefu wa mhadhara wenyewe.

Dalili: projekta haionyeshi kitu

Kagua kwa mpangilio huu: projekta imechagua tundu sahihi la kuingizia picha, kebo imekaza pande zote mbili, na kompyuta imeelekezwa kutoa picha nje, jambo ambalo kwenye Windows hufanywa kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na P. Kumbuka kwamba si kila tundu la USB-C hutoa picha. Mengine yanachaji na kuhamisha mafaili tu. Kama kila kitu kinaonekana isipokuwa filamu moja inayotoa weusi, huenda filamu hiyo ina kinga ya hakimiliki na kifaa kimojawapo katika mnyororo hakiitambui.

Harufu ya kuungua, moshi, au taa iliyopasuka ni mwisho wa kazi yako. Zima umeme ukutani, fungua madirisha, toa watu ndani. Taa za projekta za aina ya zamani zina zebaki, na mfuniko wake haufunguliwi na mtu asiye fundi.

Dalili: kazi ya mwanafunzi haipakiki, au mhadhiri haioni

Ukubwa wa faili ndio mshukiwa wa kwanza. Kikomo huwekwa kwenye seva, kwenye jukwaa zima, kwenye kozi na kwenye kazi yenyewe, na kilicho kidogo kuliko vyote ndicho kinachotawala. Mhadhiri anayeongeza kikomo cha kazi na kuona hakuna kilichobadilika amegonga kikomo cha juu yake, ambacho ni msimamizi wa mfumo tu anayeweza kukigusa. Wakati huohuo mwanafunzi apunguze picha zilizomo ndani ya waraka, kwani maandishi matupu ni mara chache sana kufikia kikomo.

Mshukiwa wa pili ni aina ya faili. Kubadilisha herufi za mwisho za jina kutoka docx kuwa pdf hakuligeuzi faili. Linabaki lile lile lenye jina la uongo, na halitafunguka. Lihifadhiwe upya kama PDF kutoka ndani ya programu ya kuandikia. Picha za iPhone huenda zikawa za HEIC, ambayo mifumo mingi haiikubali, na zinapaswa kugeuzwa kuwa JPEG.

Tatu, kazi ilipakiwa lakini haikuwasilishwa. Kwenye Moodle, kama mhadhiri ametaka mwanafunzi athibitishe uwasilishaji, faili hukaa kama rasimu mpaka kitufe cha kuwasilisha kibonyezwe. Mwanafunzi anaapa kwamba alituma, mhadhiri anaapa kwamba hakuna kitu, na wote wanasema kweli kadiri wanavyoona. Hali iliyoandikwa kwenye ukurasa wa kazi na muda uliorekodiwa ndivyo vinavyoamua.

Nne, saa. Tarehe ya mwisho kwenye Moodle huruhusu kazi kuingia ikiwa na alama ya kuchelewa; tarehe ya kufunga ndiyo inayokataa. Aidha, kila mtumiaji ana majira ya saa katika wasifu wake, na aliyeweka majira ya eneo lingine ataoneshwa saa tofauti na ya wenzake.

Kwa Turnitin, mfumo unaolinganisha kazi ya mwanafunzi na maandishi mengine, faili linalotakiwa kutolewa ripoti ya ulinganifu liwe chini ya megabaiti 100, lisizidi kurasa 800, na liwe na maandishi ya maneno yasiyopungua 20. Waraka uliopigwa picha hauna maandishi kwa macho ya mashine, hata kama wewe unausoma vizuri. Mwanafunzi anayewasilisha upya mara nyingi asishangae: baada ya mara tatu za kurudia, ripoti mpya hucheleweshwa kwa saa 24. Ripoti kuchelewa siku ya mwisho, kwa hiyo, si hitilafu ya kuripotiwa.

Dalili: mtihani wa mtandaoni haufunguki, unaganda au unapoteza majibu

Hapa hatua mbaya hugharimu zaidi kuliko hitilafu yenyewe, na kila anayesimamia mtihani anapaswa kujua mapema ni nani wa kumpigia.

Usipofunguka kwa mmoja, kagua kikundi chake, masharti ya kuufikia, majira ya saa ya wasifu wake, na kama mtihani unadai kivinjari maalumu cha mitihani ambacho toleo lake ni la zamani. Usipofunguka kwa wote, kagua saa ya kufungua. Kosa la kuandika alasiri badala ya asubuhi ni la kawaida mno.

Malalamiko kwamba "saa ilinidhulumu" mara nyingi yana maelezo. Kikomo cha muda hakishindi saa ya kufunga: mtihani wa dakika 60 unaofungwa saa tano kamili, kwa aliyeanza saa nne na nusu, ni mtihani wa dakika 30. Mhadhiri anayetaka kila mtu apate saa nzima aweke dirisha pana kuliko kikomo, na wanaostahili muda wa ziada awawekee kibali binafsi kabla ya siku ya mtihani.

Mtandao ukikatika katikati, mwanafunzi asifunge kichupo wala kupakia ukurasa upya. Moodle huhifadhi majibu yenyewe kila baada ya muda mfupi, kwa kawaida dakika moja, na huonyesha onyo inaposhindwa. Mtandao ukirudi, huendelea kuhifadhi. Kinachoweza kupotea ni kilichoandikwa baada ya uhifadhi wa mwisho. Kwa insha ndefu, mtandao ukiwapo, abonyeze kwenda ukurasa unaofuata na kurudi, kwani kuhama ukurasa nako huhifadhi. Na apige picha ya skrini yenye onyo na saa, kwa simu kama inaruhusiwa.

Mtihani ukiganda kwa wote katika dakika ya kwanza, seva imelemewa na watu walioingia kwa pamoja. Waambie watulie. Kwa mtihani ujao, gawa darasa katika vikundi vinavyoanza kwa kupishana dakika chache, na usiweke maswali yote katika ukurasa mmoja mrefu.

Jaribio, yaani mara moja ya mwanafunzi kufanya mtihani, lililoandikwa kuwa halikuwasilishwa linategemea ulivyochagua litokee nini muda ukiisha: kuwasilishwa lenyewe, kupewa muda wa nyongeza wa kuwasilisha, au kutohesabiwa. Chaguo la mwisho ndilo linalozaa rufaa nyingi, na sioni sababu ya kulitumia katika mtihani wa kawaida. Matoleo mapya ya Moodle, kuanzia 4.2, yanaruhusu kulifungua tena jaribio la namna hiyo. Usilifute kamwe ili "aanze upya", kwa sababu kufuta hakurudishwi na ushahidi wa majibu unaondoka nao. Vilevile usirekebishe swali wakati wanafunzi wako ndani. Andika kosa pembeni, maliza mtihani, sahihisha swali, kisha omba mfumo usahihishe upya kwa hali ya majaribio kwanza ili uone alama zitakavyobadilika.

Mpigie msimamizi wa mfumo mara moja ikiwa majibu ya mtu mmoja yanaonekana kwa mwingine, ikiwa majaribio yametoweka, au ikiwa kuna dalili kwamba akaunti imetumiwa na mtu mwingine. Usijaribu kurekebisha. Kumbukumbu za seva ndizo zitakazoeleza kilichotokea, na baadhi yake hufutwa baada ya muda.

Dalili: alama hazionekani au hazieleweki

Kutoonekana kwa kawaida ni safu iliyofichwa katika daftari la alama, au swali la insha linalosubiri kusahihishwa kwa mkono. Jumla ya ajabu, kama vile mwanafunzi aliyefanya kazi moja tu kuonyeshwa asilimia 90, hutokana na mpangilio wa kutohesabu nafasi zilizo wazi. Weka sifuri kwa kazi zisizowasilishwa au zima mpangilio huo, lakini fanya hivyo baada ya kupakua nakala ya daftari zima.

Taarifa ya kupeleka kwa fundi

Andika jina la mtumiaji bila nenosiri, anwani kamili ya ukurasa, maneno ya kosa kama yalivyo, saa na dakika lilipotokea, kifaa, kivinjari na mtandao uliotumia, pamoja na majibu ya yale maswali mawili ya mwanzo. Picha ya skrini iwe nzima, ikionyesha anwani juu na saa pembeni. Iliyokatwa ikabakiza kisanduku cha kosa peke yake humlazimu fundi kuuliza yote upya. Kama tatizo lilijirekebisha kabla hajafika, mwambie hivyo na umwachie saa lilipotokea, ili aweze kulitafuta kwenye kumbukumbu.